Toleo jipya la jarida la hadithi za ajabu na mashairi mtandaoni: mwongozo kamili kwa mhariri wa Dar

Mwongozo huu ni kwa mtu wa Dar es Salaam ambaye jina la jarida analo, rafiki wawili watatu wanaopenda kusoma anao, na sasa anataka toleo litoke kweli, lisiishie kuwa mipango mizuri ndani ya kundi la WhatsApp. Jarida ninalolisemea ni la mambo yasiyokuwepo: sayansi ya kubuni, majini, jiji la miaka mia ijayo, wafu wanaorudi kudai madeni, pamoja na mashairi yanayotembea njia hiyo hiyo. Hatua nitazifuata kwa mpangilio, ila hazitapata nafasi sawa. Zipo zinazomaliza mwezi, zipo zinazokwisha kwa simu moja.

Jambo moja litangulie yote. Msomaji wako anasoma kwenye simu, amebanwa ndani ya mwendokasi kutoka Kimara kwenda Kivukoni, na bando lake ni la kuhesabu. Kila uamuzi, tangu urefu wa hadithi hadi uzito wa picha ya jalada, umpime huyo kwanza.

Panga tarehe, kisha hesabu kurudi nyuma

Toleo lisilo na tarehe halitoki. Kwa jarida la Kiswahili, 7 Julai inafaa sana. Ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, na siku hiyo hata watu wasio wasomaji hutafuta kitu cha Kiswahili cha kusambaza. Ukiichagua, tangazo la kupokea kazi litoke mwanzoni mwa Februari, mlango ufungwe 31 Machi, Aprili iwe ya kusoma na kujibu, Mei ya kuhariri, Juni ya kupanga na kusahihisha.

Utaona kwamba masika yanaangukia katikati ya kazi. Umeme utakatika, Jangwani patafungwa kwa maji, na mwenzako wa Magomeni hatafika kikaoni Posta. Vikao vya kusoma vifanyike kwa simu, na kila mswada uhifadhiwe mahali pawili. Tazama pia Ramadhani imeangukia wapi, maana hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Usimtegemee mtu aliyefunga akusomee hadithi ndefu saa kumi na moja jioni.

Tangazo la kupokea kazi

Hapa ndipo ubora wa toleo unapoamuliwa, na wahariri wengi hupapita mbio. Ukiandika tu "tunapokea hadithi za kisayansi na za ajabu", utaletewa roketi na wachawi waliokwisha kuchoka. Toa mada inayoshikika. Chukua "Maji". Ndani yake kuna Mto Msimbazi unaorudi kudai bonde lake, bahari inayomega ufukwe wa Kunduchi, dawa ya Kinjikitile mwaka 1905, bomba la Tabata linalokohoa hewa, na majini wa pwani ambao hawajawahi kuhama. Mwandishi wa sayansi na mwandishi wa mizimu wote wanapata pa kuanzia, na wasomaji wanapata toleo lenye sura moja.

Taja urefu kwa namba: hadithi maneno 1,500 hadi 4,000, shairi lisizidi beti 12. Hadithi ya maneno 3,000 humchukua msomaji wa kawaida kama dakika 15. Hiyo ni safari moja, foleni ikiwa na huruma.

Sema wazi nini kinahesabika kuwa kimeshachapishwa. Kwetu hili ni gumu kuliko kwingine, kwa sababu waandishi wengi wazuri wamelelewa na hadithi za mfululizo za Facebook na WhatsApp, zile za "sehemu ya saba, itaendelea kesho saa mbili". Rai yangu ni kwamba kilichosomwa ndani ya kundi la WhatsApp bado ni kipya, na kilichowekwa kwenye ukurasa wa wazi wa Facebook kimeshatoka. Unaweza kuamua vingine, ila uandike kabla ya kuulizwa.

Kuhusu akili bandia, andika sentensi mbili zisizo na mlango wa nyuma: kazi iliyotungwa na mashine haipokelewi, na atakayegundulika hatalipwa. Msidhani ni wasiwasi wa bure. Clarkesworld, jarida kubwa la Marekani la hadithi za kisayansi, lilifunga kupokea kazi tarehe 20 Februari 2023 kwa sababu ya mafuriko ya hadithi za mashine. Kwa Kiswahili mashine bado hujifichua: sarufi imenyooka kabisa, lakini hakuna mtu anayezungumza hivyo Manzese wala Mkunazini. Ukiwa na shaka, mpigie mwandishi na muongee kuhusu mhusika wake. Aliyeandika mwenyewe atakuchosha kwa maelezo.

Kusoma na kujibu

Mtu mmoja ambaye hatakuwa msomaji wa kazi hizo aondoe majina na kuipa kila kazi namba. Dar ni ndogo, na mtoto wa rafiki yako ataleta hadithi. Kila kazi isomwe na watu wawili, kila mmoja aandike mistari miwili bila kuona ya mwenzake. Wakitofautiana sana, hiyo ndiyo ya kujadili kikaoni, kwa sababu hadithi ambayo mmoja ameichukia na mwingine ameipenda mara nyingi ina uhai kuliko ile iliyopewa "sawa tu" na wote.

Jibu kila mtu, hata kwa kukataa. Mkubwa kwa umri mwandikie kwa shikamoo yake na "mzee wangu" au "mama", kijana mwandikie "ndugu", na wote uwaambie ukweli kwa ufupi.

Kuhariri hadithi

Mhariri wa hadithi za ajabu ana kazi ya ziada asiyokuwa nayo mhariri wa hadithi za mapenzi. Analinda sheria za dunia ambayo haipo. Mfungulie kila mwandishi daftari. Andika humo mwaka gani, nauli shilingi ngapi, nani anaweza kumwona jini na kwa gharama gani, simu zinafanya kazi au zimekufa. Kila ukurasa unaokwenda kinyume na daftari, weka alama.

Tuseme mwandishi amebuni treni ya chini ya bahari kutoka Dar hadi Unguja, ya dakika 12. Chukua kalamu. Umbali ni takriban kilomita 75, kwa hiyo treni yake inakwenda kilomita 375 kwa saa, wakati SGR yetu imejengwa kwa mwendo wa juu wa 160. Hakuna ubaya, ni hadithi ya kesho. Lakini kama ndani ya hizo dakika 12 shujaa ameagiza pilau, amekula, amelala na ameota, hapo mtunzi hajafanya hesabu, na msomaji wa Temeke ataifanya kwa niaba yake.

Kuna mwisho mmoja ninaoukataa bila kikao: "kumbe ilikuwa ndoto." Anayeufuatia kwa karibu ni jini muweza wa yote anayetokea ukurasa wa mwisho kumaliza tatizo. Jini mwenye nguvu zisizo na kikomo hana hadithi. Mwekee mpaka, mfano hawezi kuvuka maji ya chumvi, au lazima ajibu akiitwa kwa jina la mama yake, na ghafla kila kitu kinasogea. Kwenye hadithi za kisayansi maradhi ni mengine. Profesa anasimama na kuhutubia kurasa mbili kuhusu mtambo wake. Muulize mwandishi nani anaufagia ule mtambo, na nani analipia umeme wake kwa LUKU. Majibu hayo ndiyo yaingie kwenye hadithi.

Na kuna jambo si la ufundi. Hadithi inayofanya viungo vya mtu mwenye ualbino viwe na nguvu kweli ndani ya dunia yake, irudishe, hata kama mhalifu ananyongwa mwishoni. Nchi hii imezika watu kwa sababu ya imani hiyo. Mumiani, popobawa na wafu wanaotembea wana nafasi yao, lakini mbele yao jiulize daima nani atalala kwa hofu baada ya kusoma, msomaji au jirani yake.

Msamiati wa sayansi usikuogopeshe. Roboti, setilaiti, sayari, betri, programu, vyote msomaji anavijua. Usimruhusu mwandishi kufukua neno ambalo limo kwenye kamusi peke yake kisha alirudie mara ishirini. Akishindwa, aeleze kitu kinafanya nini na kinanukaje.

Mashairi kwenye kioo kidogo

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo majarida ya mtandaoni yanapoaibika bila kujua. Shairi la arudhi, yaani lenye kufuata vina na mizani, lililokaa vizuri kwenye daftari huvunjika likifika kwenye simu. Tazama ubeti huu wa mfano, tarbia ya kawaida, yaani mishororo minne, mizani (silabi) nane kwa nane:

Gari la mwisho ni hili, Kivukoni lafikia,
Abiria ni wawili, mmoja ametulia,
Si kivuli, wala mwili, nauli alishatoa,
Dereva hataki swali, mlango anafungia.

Mshororo wa kwanza peke yake una herufi na nafasi zaidi ya 40. Kwenye simu nyingi, kwa maandishi ya ukubwa wa kusomeka, mstari utakatika baada ya "Kivukoni", na "lafikia" itaning'inia chini peke yake. Kina cha kati kimezama, cha mwisho kimebaki yatima. Mzee aliyetumia jioni nzima kupata "hili, wawili, mwili, swali" ataona kazi yake imekuwa vipande vya mkaa.

Dawa yake ni kuukata mshororo wewe mwenyewe pale penye kina cha kati, kabla simu haijaukata popote. Ukwapi, ile nusu ya kwanza, ukae mstari wake, na utao, nusu ya pili, ushuke chini ukiwa umesogezwa ndani kidogo:

Gari la mwisho ni hili,
    Kivukoni lafikia,
Abiria ni wawili,
    mmoja ametulia,

Vina vyote viwili sasa vinaonekana, na jicho linajua kipi ni cha kwanza na kipi cha pili. Mwombe mtunzi ruhusa, mwonyeshe picha ya kioo cha simu, na uache nafasi pana zaidi kati ya ubeti na ubeti kuliko ulivyozoea kwenye karatasi. Utenzi hauna shida hii, kwa kuwa mizani nane huenea kwenye simu yoyote. Kama unataka shairi lisilokupa kazi hiyo, chagua utenzi.

Hesabu mizani kwa mdomo na kiganja. Kuyategemea macho ni kujidanganya. M na N zinazosimama peke yake ni mizani kamili: m-tu ni mbili, m-bwa ni mbili, n-chi ni mbili, m-la-ngo ni tatu. Katika ndege, mbuzi na ngoma hazisimami, kwa hiyo usizihesabu. Ushairi wa sayansi unaleta mtihani wake. Setilaiti ni mizani tano bila ubishi, lakini "elektroniki" unaihesabuje? Mwingine atafungua silabi, mwingine atazibana. Muulize mtunzi amehesabu vipi, kisha hakikisha amehesabu hivyo hivyo shairi zima. Inkisari na mazda, yaani kufupisha na kurefusha neno ili mizani itimie, ni haki yake tangu zamani, ila ubeti wenye maneno manne yaliyokatwa unasema mtunzi amechoka.

Mashairi huru yapokee pia. Ule ugomvi wa miaka ya 1970, kama shairi lisilo na vina ni shairi au si shairi, usiuingize ofisini kwako. Ila usiyahurumie. Kwenye shairi huru kila mstari unaokatika umekatwa kwa makusudi, kwa hiyo simu ikikata mahali pengine imebadilisha maana. Mwambie mtunzi akutumie picha ya jinsi anavyotaka lionekane kwenye simu yake mwenyewe, na weka kikomo cha herufi 34 au 35 kwa mstari. Watalalamika. Wakishaona ukurasa watanyamaza.

Mkataba na pesa

Mkataba uwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, bila maneno ya wakili. Unanunua haki ya kuwa wa kwanza kuchapisha mtandaoni. Kwa miezi sita mwandishi hataichapisha kwingine. Baada ya hapo yuko huru, nawe unaruhusiwa kuibakiza kwenye kumbukumbu za jarida. Kitabu, tafsiri, redio, filamu na kusomwa kwa sauti vibaki vyake. Hakimiliki ni yake tangu alipoandika, kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, hata kama hajawahi kupita COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Lipa. Hata kidogo. Majarida ya Kiingereza ya kiwango cha juu huanzia senti 8 za dola ya Marekani kwa neno, ambayo kwa hadithi ya maneno 3,000 ni dola 240. Usijipime nayo, lakini usijifiche nyuma ya "tunakupa jina" pia. Mfano wa bajeti ndogo: hadithi nne kwa 60,000 ni 240,000, mashairi matano kwa 25,000 ni 125,000, jalada 120,000, msahihishaji wa mwisho 60,000, sehemu ya domeni (jina la tovuti) na seva 80,000. Jumla 625,000. Ongeza 25,000 ya kutolea, kwa sababu kumtumia mwandishi 60,000 akabaki na pungufu baada ya makato ya wakala ni kumlipa nusu heshima. Uliza mapema namba yake iko M-Pesa, Airtel Money, Mixx au HaloPesa, na jina litakalotokea ni la nani.

Serikali

Kwa kifupi: maudhui ya mtandaoni nchini yanaongozwa na Kanuni za 2020 zilizorekebishwa 2022, chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Nenda Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma, na karatasi moja inayoeleza jarida ni la fasihi tu wala halitoi habari za siku, na uondoke na jibu la maandishi kuhusu leseni. Namba ya ISSN, ile ya kutambulisha majarida, yenye tarakimu nane, ulizia Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Na majina na namba za simu za waliokuletea kazi ni taarifa binafsi, zinalindwa na sheria ya 2022. Za waliokataliwa zifute toleo likitoka.

Jalada

Achana na Mmasai mwenye mkuki wa mwanga. Kila jarida la aina hii limeshamchora. Tembelea wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay, mtindo uliozaliwa jijini humu mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa mkono wa Edward Said Tingatinga, uone jinsi mnyama mwenye macho makubwa kuliko kichwa anavyokuwa kiumbe cha sayari nyingine bila kubadilishwa chochote. Kununua ubao si kununua haki ya kuuchapisha, kwa hiyo mchoraji naye apate ukurasa wake wa mkataba.

Kupanga kurasa

Hadithi ya maneno 3,000, maandishi matupu, ina uzito wa kama kilobaiti 20. Picha moja ya jalada iliyopigwa kwa simu, megabaiti 3, ina uzito wa hadithi 150 kama hiyo. Bana picha ishuke chini ya kilobaiti 100, na usiweke picha ndani ya hadithi.

Kila hadithi na kila shairi vipate anwani yake fupi, ili mtu amtumie shangazi yake kitu kimoja badala ya toleo zima. Lugha ya ukurasa itajwe kwenye msimbo kuwa "sw", vinginevyo kivinjari kitajitolea kutafsiri. Tafuta kila ng' kwenye maandishi: programu za kuandikia hupenda kugeuza ile alama, mara imepinda kushoto, mara kulia, na anayetafuta "ng'ombe" haoni kitu. Chagua alama moja, ubadilishe zote kwa mkupuo.

Najua mandhari nyeusi yenye nyota inavutia. Juani pale Ubungo haisomeki. Weka karatasi nyeupe au ya rangi ya maziwa, maandishi meusi, na nyota zibaki kwenye jalada. Pamoja na kurasa, toa faili la EPUB, lile la vitabu vya kusomea kwenye simu, na la PDF la ukubwa wa kiganja, A6. PDF ya A4 kwenye simu humlazimisha msomaji kuvuta kioo kushoto kulia kila mstari.

Msahihishaji wa mwisho awe mtu ambaye hajaona kazi hata moja, na asome kwa simu, si kompyuta. Simu yake ikiwa ya bei nafuu na kioo kimepasuka, ndiyo bora zaidi.

Siku ya kutoa na wiki zinazofuata

Toa kila kitu siku moja, asubuhi, kisha piga debe kazi moja moja: leo shairi, baada ya siku tatu hadithi. Kila mwandishi mwandalie kipande chake cha kuweka kwenye status, mistari mitatu yenye kumwacha mtu roho juu, pamoja na anwani. Mashairi ya arudhi yaombee sauti. Mtunzi ayaghani kwa simu yake chumbani, madirisha yamefungwa, feni imezimwa. Watu ambao hawafungui kurasa hufungua sauti. Ukitaka kukutanisha wasomaji, Mikocheni kuna Soma Book Café na Nafasi Art Space, zote zimezoea watu wa vitabu na sanaa. Omba nafasi miezi miwili kabla.

Malipo yatoke wiki hiyo hiyo, na kila mwandishi apate ujumbe wenye kiasi, tarehe na anwani ya kazi yake. Makosa yatakayoonwa na wasomaji rekebisha na uandike chini ya ukurasa ulichorekebisha, hasa kwenye shairi, kwa sababu silabi moja ikibadilishwa kimyakimya mtunzi atajua kabla yako.

Mwisho, ingiza kila ukurasa kwenye Wayback Machine, hifadhi ya nakala za kurasa za mtandaoni, nakili toleo zima kwenye flashi mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, lipia domeni miaka miwili mbele, na nywila zake ziwe mikononi mwa watu wawili wasiopanda gari moja.